Taa Alizozima Ami

Wakubwa wakiandika mambo yao huanza na pale walipozaliwa. Mimi nilizaliwa, nikalia, nikanyamazishwa, basi. Hapo hakuna cha kuandika. Cha kuandika ni kwamba niko kidato cha tatu, umri wa kupewa kitambulisho sijaufikia, na tayari kuna mtu mzima mwenye akili zake timamu ambaye nimemfanya aamini kuwa zimemtoka. Na nilifanya hivyo kwa ajili ya pangaboi.

Shule yetu ni ya serikali, iko Mji wa Kale, ndani ya vichochoro ambavyo hata mkokoteni wa maji hupita kwa kuomba radhi. Jengo lenyewe lilikuwa nyumba ya watu wa zamani: kuta za matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukijilaza kwenye kizingiti cha dirisha miguu haitokezi nje. Madirisha ni marefu, ya mbao, yana vipande vya kuinua na kushusha ili upepo uingie na jua libaki nje. Ghorofa ya juu iliongezwa baadaye na mtu aliyetuchukia, maana aliipaua mabati na hakuitia dari. Huko ndiko tulikowekwa sisi kidato cha tatu. Mwezi wa pili, saa saba mchana, ukiweka kalamu mezani unaiokota kama uliyoitoa kwenye mafuta ya maandazi. Tulikuwa na mapangaboi mawili. Moja lilikuwa halizunguki. La pili lilizunguka na kulia kila mzunguko, mpaka mwalimu wa hesabu akawa anafundisha kwa mdundo wake.

Aliyetufanya tusife mle ndani ni Ami.

Si ami yangu wa damu. Shule nzima ilimwita hivyo, hata wale ambao baba zao wametoka bara kuja kufanya kazi bandarini na kwao neno hilo halipo. Kwenye karatasi aliandikwa mtunza jengo. Ukweli ni kwamba aliliendesha lile jengo kama mpishi wa harusi anavyoendesha meko sita kwa pamoja. Asubuhi kabla jua halijapanda alishayafunga madirisha yote ya upande wa mashariki. Adhuhuri aliyafungua ya upande wa bandari ya zamani, upepo ukapita ukumbini na kupanda ngazi mpaka kwetu juu. Na kila chumba kilichobaki bila mtu, Ami alikizima. Taa, pangaboi, kompyuta, jagi la umeme la ofisi ya walimu. Alikuwa na fimbo nyembamba ya mwanzi, hiyo ndiyo aliyobonyezea swichi za juu na kusukumia mbao za madirisha. Akimaliza chumba, anagonga mwimo wa mlango mara mbili. Ko, ko. Tulipomuuliza, alisema kichwa cha mtu mzima si cha kuaminika, lakini mkono haugongi mlango wa chumba ambacho haujakizima.

Alifanya hivyo miaka zaidi ya ishirini. Kwake ni Kibokoni, anaishi na bintiye na wajukuu, na kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimtoa nyumbani asubuhi akiwa amepiga pasi shati kama anakwenda bungeni.

Mimi na yeye tulikuwa na mchezo wetu. Kila Ijumaa nilimwambia uongo mmoja. Ulianza nikiwa kidato cha kwanza, nilipomwendea mbio nikihema nikamwambia kuna nyani amejifungia maabara anakunywa tindikali. Ami akachukua fimbo yake, akapanda ngazi zote, akafungua maabara, akakuta hakuna nyani. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa nilimletea mpya: Madam, mwalimu mkuu wetu, amehamishwa Garisa, bahari imekauka pale Feri watu wanavuka Likoni kwa miguu, wizara imeamua Kiswahili kifundishwe kwa Kichina. Na kila Ijumaa ananitazama, anainua kidole, anasema:

"Leo hunipati, mwanangu."

Uongo nilioutengeneza baadaye haukuwa wa Ijumaa. Ulikuwa wa kila siku.

Ulianza nikiwa kwenye kiti changu rasmi, yaani nimepiga magoti nje ya ofisi ya Madam. Kosa lenyewe si muhimu, linahusu kengele na dakika ishirini. Alikuwa amekuja kijana wa mradi. Mradi ulikuwa wa kupunguza matumizi ya umeme kwenye shule za serikali: taa mpya, mapangaboi mapya, dari, waya mpya. Mwongozo wake ulikuwa umebandikwa kwenye ubao wa matangazo, kurasa kumi na nane za kanuni, na hakuna aliyezisoma ila popo. Yule kijana alivaa kofia ngumu ya manjano, ingawa shuleni petu kitu pekee kiwezacho kukuangukia ni mavi ya hao hao popo. Alizunguka jengo zima na Ami, kisha akaingia ofisini. Mlango ulibaki wazi. Nilisikia kila kitu.

"Madam, niseme ukweli, shule yenu haina tatizo."

"Haina tatizo? Umepanda juu?"

"Nimepanda. Joto liko. Lakini mradi huu si wa joto, ni wa umeme. Kanuni ya nne, hii hapa: shule iwe inatumia umeme kupita kiwango hiki. Bili zenu ziko chini mno. Tukiwawekea vifaa vipya, tutapunguza nini?"

"Kwa hivyo kwa kuwa hatupotezi, hatusaidiwi?"

"Si mimi ninayesema, Madam. Ni kanuni. Jana nilikuwa kwenye shule nyingine, taa zinawaka mchana kutwa mpaka chooni. Wale wamepita."

"Hongera zao," akasema Madam, kwa sauti ambayo mimi huisikia kabla ya bakora.

"Nitarudi muhula ujao. Tunaangalia bili za miezi mitatu ya mwisho."

Ami alikuwa amesimama pale mlangoni na fimbo yake. Alisikia habari ya bili kuwa chini, na uso wake ukang'aa kama mtu aliyesifiwa msikitini mbele za watu. "Mimi sikwambii, Madam?" akasema. "Humu hakuna umeme upoteao. Hata ile ya stoo nshaizima."

Madam alimtazama tu. Nami nilimtazama pia, na ndani ya kichwa changu ambacho hakijawahi kushika jedwali la kemia, jambo moja likajipanga sawasawa: mapangaboi hatutayapata, na sababu ni Ami.

Nilimweleza jirani yangu wa dawati. Yeye ni mwana wa watu wa bara, amezaliwa hapa hapa, kwao ni karibu na Liwatoni. Wiki mbili kabla ya hapo damu ya pua ilimtoka katikati ya mtihani wa kemia kwa ajili ya joto, ikadondoka juu ya swali la tatu, na mwalimu akamkata alama kwa uchafu. Kwa hiyo hakuhitaji mahubiri marefu.

"Yaani shule ikiharibu ndiyo inapewa?" akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na tukiharibu sisi?"

"Tutakuwa tumeisaidia shule kutimiza kanuni."

"We chizi," akasema, lakini alikuwa tayari anakunja mikono ya shati.

Tukaunda Kamati ya Kupoteza Umeme. Mimi mwenyekiti, yeye katibu. Wanachama wengine hatukuwataka, maana darasa letu siri hukaa mpaka kengele ya mapumziko tu. Kikwazo kilikuwa kimoja. Kuwasha si kazi. Kazi ni Ami, ambaye hupita mara tatu kwa siku: mapumziko ya saa nne, wakati wa chakula cha mchana, na saa kumi jioni watu wakishaondoka. Huwezi kumwambia aache kuzima. Basi tukaamua tusimwambie. Tutamfuata.

Alikuwa akianza chini na kupanda juu. Sisi tulibaki nyuma yake chumba kimoja. Anazima, anagonga ko, ko, anaingia cha pili. Sisi tunaingia cha kwanza, tunawasha. Jioni alikuwa akifunga milango kwa ufunguo, lakini swichi nyingi ziko karibu na dirisha, na zile mbao za madirisha ukiziinua kidogo unapitisha mpini wa fagio. Katibu wangu alikuwa na mkono wa ajabu. Akiwa nje ya chumba, ukumbini, jicho moja limefumba, aliweza kuwasha taa nne na mapangaboi mawili kabla mimi sijamaliza kucheka. Taa zikakesha. Mapangaboi yakakesha yakipepea madawati. Jumamosi na Jumapili vilevile.

Wiki ya kwanza Ami alikasirika. Alifikiri ni walimu. Nilimsikia akimlalamikia mpishi: "Watu wamesoma vyuo vikuu, kuzima taa hawajui."

Wiki ya pili alikasirika zaidi, akawa anarudi nyuma ghafla ili atushike. Hatukushikika. Mimi niliwahi kujificha ndani ya kabati la ramani, nimekumbatia bara zima la Afrika, huku Ami amesimama hatua mbili kutoka pua yangu, anaitazama taa iliyowaka.

"Nimeizima hii," akasema. Hakuna aliyekuwepo. Alikuwa anasema na taa.

Nilitoka mle kabatini machozi yakinitoka kwa kicheko. Nataka hilo liandikwe, maana ni kweli. Nilicheka.

Wiki ya tatu alianza kugonga mara tatu. Halafu mara nne. Halafu akaja na kipande cha chaki, na kila chumba alichokizima akaweka alama ndogo ukutani, chini ya swichi. Sisi tukawasha na alama tukaiacha. Asubuhi aliikuta alama yake iko na taa inawaka. Hapo ndipo hasira yake ilipokwisha, na ningependa kusema nilifahamu maana yake, lakini sikufahamu. Nilidhani ametuzoea.

Siku moja, miezi miwili tangu tuanze, saa kumi nilikuwa nimechelewa kutoka kwa makusudi. Ami alinikuta ngazini.

"Ndoo hapa, mwanangu."

Nikaenda. Aliponiita hivyo nilijua nimekamatwa. Akanishika bega, akanipeleka mpaka mlango wa kidato cha kwanza, akazima taa, akafunga mlango, akagonga.

"Umeona?"

"Nimeona, Ami."

"Nimezima?"

"Umezima."

"Basi kesho asubuhi ukija, nikumbushe kwamba nilizima." Akaitazama fimbo yake kama kitu alichokiokota njiani. "Babangu alianza hivi hivi. Alianza na funguo. Funguo zi mkononi, naye yuwazitafuta. Mwisho akawa yuwaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Mimi niliyemuosha, niliyemlisha. Mimi nimwombalo Mola ni moja tu, asinipeleke huko."

Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nilihesabu: miezi miwili imepita, umebaki mmoja. Nikamwambia, "Utapona tu, Ami." Kana kwamba ana mafua.

Na alipokwenda zake, nilipitisha mpini wa fagio dirishani, nikawasha.

Asubuhi alinisubiri langoni. Alinitazama, akisubiri nimkumbushe. Nikamwambia, "Jana ulizima, Ami." Akaitikia kwa kichwa polepole. Taa ya kidato cha kwanza ilikuwa inawaka nyuma yake, inaonekana mpaka kichochoroni.

Muhula ulipofunguliwa tena, kijana wa kofia ngumu akarudi. Safari hii sikuwa na kosa, ila nilijitafutia moja ili nipate kupiga magoti mahali pazuri. Bili zilikuwa zimepanda mpaka yeye mwenyewe akapiga mluzi.

"Sasa hapa kuna kazi, Madam. Hapa kuna cha kuokoa. Mmepita."

"Alhamdulillahi," akasema Madam, na sauti yake ilikuwa ya furaha kweli. Yeye si mtu mbaya. Lazima niseme hivyo kwa sababu nimejaribu sana kumfanya awe mbaya ili ubaya wangu upungue.

"Ila imebaki sehemu ya saba kwenye fomu. Taja chanzo cha upotevu, na hatua ambayo shule imechukua. Bila kujaza hapo, haiendi."

Nikasikia kalamu ikigongwa mezani. Nikasikia pangaboi la ofisi. Kisha Madam akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea mwenyewe, "Mtunza jengo wetu amekuwa mtu mzima. Siku hizi anasahau. Mwenyewe amekuja kukiri kwangu."

"Basi andika hivyo. Uzembe wa mtunza jengo. Na hatua?"

Nikasikia fomu ikigeuzwa. Nilikuwa nimepiga magoti, mlango uko wazi nusu, hatua nne tu kutoka kiti chake. Sikusimama.

"Atapumzishwa," akasema Madam.

Ami aliondoka Jumatano. Alipewa kitenge cha kumpelekea mkewe, ambaye alishafariki kitambo, kwa kuwa aliyekwenda kununua zawadi hakuuliza, na saa ya ukutani. Gwaride zima lilipiga makofi. Alisimama mbele yetu na shati lake la pasi, akasema maneno machache tu: tusimcheke mtu anayesahau, maana hakuna apendaye. Akaomba radhi. Aliomba radhi kwa shule nzima kwa umeme alioupoteza. Katibu wangu alikuwa amesimama mbele yangu, na nikaona shingo yake ikiinama mpaka kola ikapanda masikioni.

"Tumwambie," akanong'ona tulipokuwa tunapanda ngazi.

"Tumwambie nani?"

"Madam. Wewe ndiye mwenyekiti."

Nilikwenda peke yangu. Nilimweleza Madam kila kitu, tangu mpini wa fagio hadi kabati la ramani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akavuta droo, akatoa ule mwongozo, akaufungua mahali, akanigeuzia nisome. Niliisoma kanuni hiyo mara mbili. Ikigundulika kwamba matumizi yalipandishwa kwa makusudi, shule itaondolewa kwenye mradi, na vifaa vilivyokwisha kutolewa vitarudishwa.

Mafundi walikuwa juu wakati huo huo. Vumbi la dari lilikuwa linashuka ngazini.

"Huko juu kuna darasa zima linalopika ubongo wake kwa mabati," akasema Madam. "Mwaka kesho nyinyi ni watahiniwa. Na uliyoniambia, kama umeniambia, itabidi niyaandike. Sasa sema. Umekuja kuniambia nini?"

Ningependa mtu anionee huruma hapa, lakini sioni kwa nini. Aliniuliza swali la wazi na mimi nikalijibu.

"Nimekuja kuomba ruhusa ya kwenda msalani, Madam."

"Nenda."

Basi tukapata mapangaboi. Meupe, hayalii, yanazunguka kama yaliyozibwa mdomo kwa kitambaa. Kanuni ilitaka ya zamani yavunjwe mbele ya mkaguzi, yakavunjwa kwa nyundo uani, hata lile lililokuwa likitufundisha hesabu. Tukapata dari. Tukapata taa zenye kijicho kinachotazama kama kuna mtu, kikiona hakuna kinazima chenyewe, hakihitaji Ami wala fimbo. Kijicho hicho humtambua mtu kwa kutikisika. Mtihani wa kwanza wa muhula tulikaa kimya tunaandika, kijicho kikaamua sote tumekufa, taa zikazima. Tangu siku hiyo, kila mtihani huteuliwa mmoja wa kupunga mkono kila baada ya dakika chache, arobaini tunaandika na mmoja anaiaga dari. Kazi hiyo hupewa mimi.

Na zile mbao za madirisha ziling'olewa. Kanuni ya kumi na moja: madirisha yazibe vizuri. Tumewekewa vioo. Umeme ukikatika, na unakatika, hakuna pa kuinua wala pa kushusha, na hakuna mtu ajuaye ni dirisha gani lifunguliwe saa ngapi. Mwezi uliopita ulikatika kuanzia saa tano hadi tukaenda nyumbani. Damu ya pua ilimtoka katibu wangu tena. Alijifuta kwa kitabu cha kemia na kunitazama, na sasa anakaa dawati jingine.

Nilimwendea Ami nyumbani kwake. Nilipanga maneno njia nzima, nikachagua siku nitakayomkuta kwa hakika, watu wakishatoka msikitini na kula. Binti yake alinifungulia, akaniambia nipande, babake yuko juu, na kwamba atafurahi maana wa shuleni hawaji.

Ngazini nilikuta alama za chaki. Chini ya swichi ya kwanza zilikuwa nyingi sana, safu juu ya safu, mpaka ukuta umekuwa mweupe. Chini ya swichi ya pili hivyo hivyo.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, na fimbo magotini. Shati lilikuwa la pasi.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Hebu tazama alivyorefuka. Wazee hawajambo? Hapo shuleni hamjambo? Taa zawaka?"

"Zinawaka na kuzima zenyewe, Ami."

"Maa shaa Allah. Hizo hazisahau."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitatafuta mzaha. Nikasema kwa pumzi moja, nimesimama katikati ya mkeka wake: "Ami, hukusahau kitu. Ulikuwa unazima. Kila siku ulizima, kila chumba. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasha nyuma yako, mimi na mwenzangu, kwa mpini wa fagio, ili bili ipande tupewe mapangaboi. Akili yako haina tatizo lolote. Ni mimi."

Alinitazama. Nikaona kitu kinapita usoni mwake, na nikadhani kimefika. Kisha mikunjo ya macho ikaanza kukusanyika, moja baada ya moja, akaanza kucheka. Akacheka kama siku ile ya nyani, mabega yakimcheza, mpaka akashika kifua. Akainua kidole.

"Leo hunipati, mwanangu."

Hapo ndipo nilipokumbuka ilikuwa siku gani.

"Ami, si mchezo. Wallahi si mchezo."

"Na kuapa yuwaapa!" Akajifuta macho. "Wewe una moyo mzuri. Umekuja mpaka huku kunifariji mtu mzima. Mola akuweke. Lakini mimi najijua, na babangu nilimuona kwa macho yangu. Usijitie dhambi kwa ajili yangu."

Nilirudia tena. Nilimtajia kabati la ramani, nilimtajia jioni ile aliponishika bega. Kila nilipoongeza, alicheka zaidi na kunisifu jinsi uongo wa leo ulivyosukwa, kwamba huu ndio bora kuliko yote, umeshinda wa Garisa. Binti yake akatoka jikoni na sinia la kahawa na kashata, akasema ni siku nyingi hajamsikia babake akicheka hivyo, nisiache kuja.

Nilikunywa kahawa. Ilipokwisha nikaaga. Ami alisimama kunisindikiza mpaka kichwa cha ngazi, kisha akasita, akainama, akachungulia chini, na kicheko kikamtoka usoni chote.

"Hebu niambie, bila mzaha sasa. Wewe umepita hapo. Ile taa ya ngazini, nimeizima?"

Niliitazama. Ilikuwa imezimwa.

"Umeizima, Ami."

Akanitazama. Nikaona anataka kuniamini, na nikaona anashindwa.

"Leo Ijumaa," akasema, kwa upole, na akanipita ngazini na fimbo yake na chaki yake, akaenda kuhakikisha mwenyewe.